Vipande Arobaini na Vinane

Jumatatu, 3 Machi

Mvua asubuhi, kisha jua. Mambo mawili yamepangiwa siku moja, na yote mawili yameniangukia mimi.

La kwanza: Mhariri amepiga simu. Anataka makala ya mwisho ya kile kitabu chetu kidogo cha maneno ya kazi. Neno lililobaki ni la Kilatini, officina. Mwisho wa kuliwasilisha ni Jumatatu ya tarehe 17. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu, mstari wa nyuma, asiyeweza kumtofautisha mtenda na mtendwa. Leo ananiwekea tarehe! Akasema nisiwachoshe wasomaji. "Mwalimu, waambie tu ipi ndiyo maana sahihi, basi." Nikamjibu kwamba hilo ndilo nililolifundisha miaka thelathini na mmoja, na yeye alikuwapo, kama alikuwa macho.

La pili: binti yangu. Rafu za duka lake la dawa zinaletwa tarehe hiyo hiyo, saa nne asubuhi. Kwa hiyo karakana ya marehemu baba yake, hapa chini, iwe tupu. Tulikubaliana tangu mwaka jana. Mkaguzi atakuja wiki itakayofuata, na asipozikuta rafu zimesimama, kibali hakuna. Binti yangu amekingojea kibali hicho miaka miwili, akiuza dawa kwenye kaunta ya mtu mwingine.

Sikusita. Chumba kisichotumika ni uchafu wenye mlango.

Ngazi ya kutoka kwangu hadi karakana ina vidato kumi na vinne. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa sidhani kama nimevishuka mara ishirini. Tuliafikiana hivyo siku tuliyohamia: yeye hapandishi maranda juu, mimi siteremshi vitabu chini. Viatu vyake vililala kwenye kidato cha kwanza. Kila mtu na mahali pake pa kazi. Watu walituonea ajabu. Sisi tuliona ni adabu.


Jumatano, 5 Machi

Nimeshuka jana na leo. Nimefanya kazi nzuri, na nasema hivyo bila majivuno.

Dirisha lilikuwa limefunikwa na vumbi la mbao hata mwanga ukaingia wa rangi ya chai. Nikalifuta nusu. Nusu nyingine nikaiacha, sijui kwa nini. Patasi zake zimepangwa ukutani kwa upana, kutoka ya kidole hadi ya kucha. Jiliwa la kubania mbao limefungwa kwa nguvu, halikubana kitu. Miezi kumi na minne sasa tangu alipofariki, na bado chumba kinanuka mti uliokatwa jana.

Kwenye rafu ya juu nilikuta mafungu manne ya vipande vya mbao, vimefungwa kwa kamba. Arobaini na vinane. Vyembamba, laini, kila kimoja kina meno kwenye ncha zake. Na kila kimoja kimechorwachorwa kwa penseli! Nusu mwezi. Msalaba. Samaki asiye na kichwa. Ndoano, ndoano mbili, herufi iliyolala chali. Nilikaa navyo mapajani nikavitazama kama daftari la mtoto aliyeachwa peke yake mvua ikinyesha. Aliacha shule darasa la nne. Niliwahi kujitolea kumfundisha. Akacheka: "Herufi zako, mwalimu, zina masharti mengi."

Sikuweza kuviacha hivyo. Nikachukua msasa, nikasugua kila mchoro mpaka mti ukawa mweupe. Kisha nikavipanga kwa urefu, nikaviandika kwa kalamu yangu nyekundu, kwa tarakimu za Kirumi, safi, kona ya chini kulia. I mpaka XLVIII.

Sasa vinasomeka. Rafiki yake, fundi Randa, atakuja Ijumaa kuchukua vifaa. Atavichukua na hivi.


Alhamisi, 6 Machi

Makala haiendi. Nililala kidogo baada ya chakula cha mchana, kitu nisichokipenda, na nikaota.

Nilimwona mwanamke amebeba furushi, anatembea njia ndefu yenye nyumba pande zote. Nilijua ni officina, kama mtu anavyojua mambo ndotoni. Lilipozaliwa lilimaanisha mahali anapofanyia kazi mtu wa mikono. Katika nyumba ya Kiitaliano wakampaka grisi. Gari bovu lilikuwa likimsubiri. Kwa Wareno vilevile, akapewa nyundo. Kwa Wahispania wakamnawisha, wakamketisha mezani mbele ya makaratasi na muhuri — huko oficina ni ofisi. Kwa Wafaransa alizaa pacha wasiofanana: mmoja, usine, yaani kiwanda, ana mabomba ya moshi na maelfu ya watu, mwingine, officine, amesimama nyuma ya kaunta anapima dawa za unga.

Nikawauliza kwa sauti ya darasani: ni nani kati yenu aliyebaki na maana ya mama yake? Walinyoosha mikono tu, kama watoto wanaokaguliwa kucha. Nikainusa. Yote ilinuka maranda.

Nilipoamka nilikasirika. Darasani jibu langu lilikuwa moja na halikubadilika: Kiitaliano kimehifadhi, Kihispania kimepotoka. Wanafunzi waliandika. Sikuwahi kuota wakati ule.


Ijumaa, 7 Machi

Randa alikuja saa tatu. Ni rafiki wa mume wangu tangu ujana, seremala mwenzake, sikio moja halisikii. Wanamwita Randa kwa sababu maneno yake hayaachi kipande juu ya mtu. "Shemeji! Umeshuka mwenyewe? Leo jua litazama mashariki." Nikamwambia achukue vifaa, utani abaki nao. Akasema utani ndio kifaa pekee alichoachiwa kwa wasia.

Kisha akaenda pembeni, kati ya dirisha na benchi, akavuta lile turubai la zamani. Mimi nilidhani limefunika mbao za mteja. Lilikuwa limefunika kabati. Refu kunifikia kifuani, pana, limeshatiwa gundi, limepigwa msasa mpaka linang'aa lenyewe bila rangi. Lina matundu kumi na mawili, matatu kwa manne, na halina droo hata moja.

"Hukujua?" akaniuliza. "Aliniapisha nisiseme."

Akatoa mfukoni kadi moja, ya manjano, imekunjika pembe. Ilikuwa kadi yangu! Mojawapo ya zile ninazoandikia maneno, ninazoziweka kwenye maboksi ya viatu miaka yote hii, nikilalamika kila yanapochanika. Mume wangu aliiba moja apate kipimo. Randa akaiingiza kwenye tundu. Ikabaki nafasi ya unene wa ubao, huku na huku.

"Sasa zile mbao za droo ziko wapi? Zote zilikwisha kukatwa. Ilibaki kuziunga tu."

Nikamwonyesha mafungu yangu. Akafungua la kwanza. Akageuza kipande, akageuza kingine.

"Hizi namba nyekundu ni za nani?"

Zangu, nikasema.

"Na alama zake?"

Nikauliza, alama gani. Lakini nilikuwa nimeshajua.

Akakaa juu ya boksi la misumari. "Shemeji," akasema taratibu, "umesahihisha mbao."


Jumamosi, 8 Machi

Sikushuka. Sikuandika makala. Nilipanga maboksi ya viatu upya, kwa herufi, ingawa yalikuwa yamepangwa.


Jumapili, 9 Machi

Randa amerudi, bila kuitwa. Alinieleza kama anavyoelezwa mtu mwenye homa.

Mume wangu hakukata meno kwa mashine. Alikata ubao wa kwanza kwa jicho, akaulaza juu ya wa pili, akachora meno yale yale kwa ncha ya kisu, akakata. Kwa hiyo kila kona ina mwenzake mmoja tu duniani. "Ni kama meno ya bandia. Huwezi kumwazima jirani." Droo kumi na mbili, kila droo vipande vinne, pembe nne. Pembe arobaini na nane. Nusu mwezi huenda kwa nusu mwezi, samaki kwa samaki, na herufi iliyolala ni ya upande wa kushoto. Hiyo ndiyo ilikuwa sarufi yake yote. Mimi niliisugua kwa msasa siku mbili nikiimba.

Nikasema tujaribu kila kimoja na kila kimoja. Randa akatikisa kichwa. Mti ni mkavu. Ukilazimishwa mahali pasipo pake, meno yanapondeka, na hata ukiupeleka kwake baadaye unalegea. Nikashikilia. Nikachagua VI na XVII kwa sababu zilionekana kufanana. Akagonga kwa nyundo ya mti, pole, pole — na jino moja la XVII likavunjika. Mlio mdogo kabisa. Kama mtu aliyeng'ata kijiti.

Randa aliokota lile jino sakafuni akalifunga kwenye leso. "Litaungwa kwa gundi," akasema. "Lakini tusivunje lingine, mwalimu. Mwenyewe hayupo kukata jipya."

Nikamuuliza kama nimeliharibu kabati. Akasema kabati halijaharibika, limepotea tu, na kilichopotea kina siku nane za kupatikana. Baada ya hapo rafu za dawa zitaingia, na vipande hivi vitarudi kwenye boksi — na vikirudi kwenye boksi, "mimi na wewe ni wazee, shemeji. Nani atavifungua?"


Jumanne, 11 Machi

Mhariri amepiga. Nikamwambia naandika. Hilo lilikuwa kweli kwa dakika ishirini.

Nilikuwa nimefika kwenye aya ya usine. Ukikutana na usine na officina barabarani huwezi kusema ni mtu na mama yake. Hawana uso mmoja. Basi sisi tunajuaje? Kwa sababu hatutazami uso. Mama amekufa zamani. Tunawalaza mabinti ubavu kwa ubavu na kufuata kile kinachopita ndani yao wote, hata kama kimekatwa, hata kama silabi nzima imedondoka njiani. Nimeifundisha kazi hii maisha yangu yote. Kutoka kwa watoto tunamjenga mzazi ambaye hakuna aliyemwona.

Niliweka kalamu chini katikati ya sentensi. Sijawahi kufanya hivyo.

Nikashuka vile vidato kumi na vinne na kandambili miguuni. Nikavilaza vipande vyote sakafuni chini ya ile nusu ya dirisha iliyo safi, nikapiga magoti, umri huu! Sikutazama meno. Nilitazama nyuzi za mti: mistari ile ya kahawia, mingine minene, mingine kama unywele. Katika IX mistari mitatu inapanda kuelekea kulia na kukatikia ukingoni. Katika XL mistari mitatu inaanzia ukingoni na kuendelea kupanda.

Mtu huyu alitoa vipande vinne vya kila droo kwenye ubao mmoja, kwa mfuatano. Ili mstari uzunguke droo nzima kama mshipi kiunoni. Hakuna ambaye angeuona! Ungekuwa umefichwa ndani ya kabati.

Nilibaki pale mpaka mwanga wa chai ukaisha. Droo mbili. Sijazigonga. Nimezilaza tu zikigusana, zinasubiri.


Alhamisi, 13 Machi

Saba! Randa anagonga, mimi nasoma. Zinaingia kwa sauti moja ya kina, tup, kama mlango wa nyumba iliyojengwa vizuri.

Pale meno yalipokatwa, kipande kidogo cha mstari kimepotea, kwa hiyo ni lazima kukisia ulipitaje. Randa hukisia haraka na kukosea. Nikamwambia asikisie, afuate. Akasema: "Ndiyo, mwalimu," kwa sauti ya mtoto wa shule, akasimama wima, mikono nyuma. Nilicheka. Kicheko changu kilinishtua katika chumba kile. Nadhani hakijawahi kusikika humo.

Baadaye, yeye akinywa chai kwenye kidato cha kwanza, mimi nilikaa juu ya benchi nimeshika ubao na kalamu, na macho yakaniwia mazito. Niliona, nusu nimelala, kwamba hata chumba chenyewe ni neno. Kimekuwa karakana. Jumatatu kitakuwa duka la dawa. Kabla yetu, jirani mmoja aliwahi kuniambia, kilikuwa ofisi ya mizigo. Alama za meza bado zipo sakafuni, mashimo manne. Kuta zile zile. Kila aliyeingia alikiita kwa jina la kazi aliyokuja nayo.

Nikashtuka kalamu ilipodondoka. Randa akaniuliza nilikuwa nasema nini. Nikasema sikusema kitu.


Ijumaa, 14 Machi

Kumi zimeingia. Zimebaki mbili, na moja kati yake ina lile jino lililovunjika. Limetiwa gundi, tunaliacha siku moja likauke.

Leo nilipanga habari ya kulipandisha kabati kwangu. Wachukuzi wawili, blanketi, kamba. Nimeshasogeza kitanda cha wageni. Randa akapanda na futi kuupima mlango wangu. Akapima tena. Akashuka kupima kabati. Akapanda tena, anahema.

"Halipiti."

Nikamwambia apime vizuri. Amepima vizuri. Limezidi vidole vinne. Kwenye kona ya ngazi limezidi zaidi. Nami nikasema neno ambalo sasa linanichoma: nikasema, alikosea.

"Nani? Yule?" Randa aliuliza. "Yule alikuwa anapima sukari ya chai kwa futi! Shemeji, katika miaka arobaini sijamwona akikata ubao mara mbili."

Basi kwa nini atengeneze kabati langu lisilofika kwangu? Randa akaenda akapachika kidole chake kati ya kabati na dirisha. Kikaenea. Akapachika kidole hicho hicho kati ya kabati na benchi. Kikaenea. Akachukua kofia yake akaondoka akipiga mluzi, kama mtu aliyemwachia mwenzake swali ubaoni.

Nikasema moyoni, limesimama hapo kwa sababu lilitengenezewa hapo. Samani lazima isimame mahali fulani.


Jumamosi, 15 Machi

Binti yangu alikuja na futi yake kuhakikisha ukuta kabla ya rafu. Amechoka, macho mekundu, alikuwa zamu. Akaliona kabati, akaweka mkono ndani ya tundu la safu ya juu.

Akasema: "Mama, kaa."

Nikamuuliza nikae wapi. Akavuta kigoda kutoka chini ya benchi, kipya, nilichokuwa nimekipanga pamoja na vitu vya kugawa. Nikakaa. Akaniambia ninyooshe mkono. Nikaunyoosha, na vidole vyangu vikafika kwenye tundu la juu kabisa bila bega kuinuka. Safu ya chini ikanifikia bila kuinama.

"Unaikumbuka ile sweta?" akaniuliza.

Naikumbuka! Miaka miwili nimemdai. Alinipima siku moja kwa kamba ya kushonea, akaniahidi sweta, na sweta haikuja. Nimemwambia mara ngapi kwamba mtu mzima hatoi ahadi hewani.

"Baba ndiye aliyenituma. Akaniambia, mpime akiwa amekaa, kuanzia begani mpaka kwenye kucha, na usimwambie. Nikamuuliza, baba, sweta gani inapimwa mpaka kwenye kucha? Akasema, wewe pima."

Tukatazama kabati. Binti yangu akapenga kamasi. "Alikuwa anakutengenezea mahali humu, mama. Ukae naye."

Nilimuuliza kwa nini basi hakuniomba. Thelathini na minane! Neno moja tu. Binti yangu akaniangalia kwa upole ambao haukunipendeza, akasema: "Angekuomba, ungemwambia nini?"

Ningemwambia kwamba vitabu havikai penye vumbi. Ningemwambia tuliafikiana.

Kisha akakumbuka yaliyomleta. Akapima ukuta, akasimama katikati ya chumba na futi ikining'inia. Rafu zimekwisha kukatwa. Ni za ukuta mzima, kutoka dirishani mpaka mlangoni, pamoja na pale lilipo kabati. Sharti la mkaguzi ni urefu ule, si pungufu. Hakuniomba chochote. Amerithi hilo kwa baba yake. Akasema tu, "Tutaona Jumatatu," akanibusu kichwani, akaenda kulala.

Jioni nilikaa na makala. Nilikuwa nimeandika: "Katika Kihispania neno hili limepotoka." Nikachukua kalamu nyekundu, ile ile, nikakata neno la mwisho. Nikaandika juu yake: limehamia. Nikalitazama kwa muda mrefu. Sina hakika kama Mhariri ataridhika. Hapo hakuna sahihi ya kuwaambia wasomaji.


Jumatatu, 17 Machi

Naandika haya chini. Daftari liko juu ya benchi lake, penye alama za patasi. Kalamu inazama kwenye mikwaruzo.

Randa alifika alfajiri. Droo ya kumi na moja imeingia, yenye jino la gundi. Imeshika. Ukijua ilipovunjika unaona mstari mwembamba, usipojua, huoni. Ya kumi na mbili nimeipakata. Pembe tatu zimekubali. Ya nne inabana, na Randa amenipa nyundo ya mti mwenyewe. Amesema hii si yake kugonga.

Nilipogeuza kipande cha mwisho kutafuta nyuzi nilikuta kwamba msasa wangu haukufika pembeni. Kimebaki kipande cha mchoro wa penseli, kidogo kuliko kucha. Nusu ya samaki. Mkia. Nimeweka tarakimu yangu juu yake, XLVIII, kwa wino mwekundu, na mkia umechomoza upande wa pili kama aliyekuwa anaondoka. Sitaugusa.

Gari la rafu limefika saa nne kasoro. Wachukuzi watatu. Wameteremsha rafu mbili na kuziegemeza mlangoni. Mwanga umepungua, umerudi ule wa rangi ya chai. Mmoja ameuliza hilo kabati linatoka au linabaki, maana wao walielezwa chumba ni kitupu. Randa amejifanya hasikii kwa masikio yote mawili. Binti yangu amepima ukuta mara ya tatu. Ukuta haujaongezeka.

Simu yangu inaita juu. Ni Mhariri, bila shaka. Nitapanda kuipokea. Maboksi ya viatu pia yako juu, kumi na tisa. Naona moja limeshashuka. Nimelileta mwenyewe asubuhi, sikumbuki niliamua lini. Kadi za herufi O. Zimeenea kwenye droo ya kwanza kana kwamba zilizaliwa humo.

Binti yangu ameacha kupima. Anaiangalia droo ile, kisha rafu zake, kisha koti lake jeupe alilolitundika kwenye msumari wa aproni ya baba yake. Anamwambia mchukuzi: "Ngojeni kidogo." Anakuja kuchuchumaa karibu na kigoda changu. Ananiuliza, polepole, kama anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua, ikiwa kaunta ingekaa upande huu na mimi nikabaki hapa —

Nimemwambia asubiri nigonge hii kwanza.